Vijiko Vinne vya Sukari

Mjukuu wangu Rehema,

Huku ughaibuni, Adelphi, hatujambo. Theluji imenifungia ndani, na mama yako yuko zamu kwa wale wazee anaowauguza. Umeniuliza karkadee, ile chai ya Kimisri ya maua mekundu, inanywekaje bila sukari nyingi.

Nilipokuwa msichana kule Tanga, jirani yetu alikuwa mwalimu kutoka Misri. Siku moja mkewe alichemsha yale maua mekundu, akanituma nimpelekee mumewe barazani. Nikaonja njiani. Haina sukari hata chembe! Kwetu hiyo ni kumnyima mtu. Nikamwonea aibu mama wa watu, nikapitia kwetu, nikatia vijiko vinne.

Mwalimu alionja, akatabasamu, akaiweka gilasi chini. "Ahsante, binti. Ila mimi nina kisukari."

Hakunigombeza. Alinifundisha kutia kijiti cha mdalasini wakati wa kuchemsha, na kukamulia ndimu ikishapoa. Akaniambia ninywe polepole, ulimi utazoea.

Sasa kisukari ninacho mimi, na mama yako bado sijamwambia. Hurudi amechoka, akanitengenezea karkadee tamu kama asali, nami huimaliza kwa kuona haya kumkataza.

Leo akirudi nitatabasamu, niiweke gilasi chini.

Bibi yako akupendaye