Mtaalamu wa Hatari na Ngazi ya Dharura

Fridah, hiki kioja cha leo kazini bado siamini.

Yule bosi mpya wa bima, Mfaransa, amekusanya ofisi nzima atusomee maisha yake. Mimi nalinda mlango, nasikiza. Chuo cha watoto wa wakubwa huko Paris. Digrii juu ya digrii. Eti amesomea hatari. Eti "kazi yangu ni kulinda watu."

Mara mkate ukaungua jikoni, king'ora kikalia.

Mlinda watu akachomoka. Akamsukuma Huda wa mapokezi ukutani, akawa wa kwanza kwa ngazi. Huda, Fridah. Na hilo tumbo la miezi saba.

Bosi tumemkuta nje amekumbatia kompyuta yake.

Akaniita kando. Nikadhani anauliza kama Huda ameumia.

Ameuliza kama kamera ya ngazi inafanya kazi.