Kompyuta Iliyokwenda Goma

Gisenyi, Alhamisi

Kwako Mama Nzabonimpa, mama mkwe wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na upendo. Goti linaendeleaje tangu urudi Nyamyumba? Sisi hapa tuko wazima. Mwanao Nzabonimpa bado yuko safarini na lori, jana alipiga simu, anakusalimia sana. Mjukuu wako Mugabo ameota jino la pili, na maziwa yangu yanalijua. Mi nina uchovu tu, si ugonjwa.

Mama, kwanza nakushukuru. Zile wiki ulizokaa kwangu ukimbeba mtoto ndizo zilizonipa nafasi ya kukaa na Muhire, yule kijana aliyetunza kompyuta ya koperative yetu ya samaki kabla hajahamia Kigali. Alinifundisha kuiendesha kwa kuandika amri, maana haina picha za kubonyeza, ni kioo cheusi na maandishi tu. We ulikuwa ukicheka, ukisema naongea na ukuta.

Unakumbuka pia maneno ya bosi wangu, Bwana Rutagengwa, kwamba mtandao ukikatika tena siku ya oda atatafuta mtu asiyenyonyesha. Ndipo kwa huruma yako ukasema nikuletee Mugabo Jumapili hii akae kwako, nami nikakubali.

Bon, jana ilikuwa siku ya oda. Visamaki vyetu vya sambaza vimeshapangwa kwenye barafu, gari linangoja, mtandao ukakatika. Bila oda za Kigali hatujui nani apelekewe nini. Bwana Rutagengwa akasimama nyuma yangu, akauliza kama kompyuta nayo inataka kunyonya. Mugabo alikuwa mgongoni, ananivuta nywele. Nikaandika nmcli device status, ndiyo amri ya kuuliza hali ya vifaa vya mtandao. Waya ulikuwa umekufa, lakini modemu ya laini ya simu ilisema imeunganishwa. Nikaiuliza imeunganishwa na nani, ikanipa jina la mtandao wa Goma, Kongo.

Kumbe sisi wote tulikuwa tunaiweka modemu kwenye dirisha la upande wa mpaka, kwa sababu pale taa yake inawaka vizuri. Ilikuwa inawaka kwa minara ya ng'ambo, na kifurushi chetu ni cha Rwanda tu, donc hakuna kilichopita. Mama Callixte, yule muuza samaki mwenye mdomo, akasema sisi tunapanga foleni kwenye barrière ya mpaka na jeton ya kuvukia mkononi, kumbe mashine iko inavuka bure. Wakacheka wote, hata mi.

Nikaihamishia modemu kwenye rafu ya upande wa Rugerero, mbali na mpaka. Bosi akalalamika kwamba taa imefifia. Nikamwomba angoje. Nikaandika nmcli connection modify modem gsm.home-only yes, yaani isishike mtandao mwingine ila wa kwetu, kisha nikaizima na kuiwasha. Mugabo akaanza kulia, nikamzungusha mbele nikamnyonyesha, mkono mmoja kwenye vibonye. Oda zikaanza kuingia, moja moja. Gari liliondoka barafu ikiwa bado ngumu.

Baadaye Bwana Rutagengwa aliniuliza nahitaji nini ili nisije nikamwacha kama Muhire. Nikamwambia mkeka pale pembeni, wa mtoto. Akasema ofisi si shule ya watoto. Nikamwambia basi ajifunze amri mwenyewe. Leo asubuhi nimekuta mkeka umetandikwa.

Sasa Mama, nifike kwenye neno lililonifanya niandike badala ya kupiga simu, kwa sababu kwenye simu ungenibembeleza mpaka nikubali. Jumapili sitamleta Mugabo. Siku ile ni uchovu uliokubali, moyo wangu haukukubali. Nguo zake nilikuwa nimeshazifunga, nimezifungua. Nzabonimpa anajua, akasema nikueleze mwenyewe. Usidhani naukataa mkono wako, bila huo nisingekuwa na kazi leo. Lakini mtoto atalala ninapolala mimi. We njoo, Mama, ukae utakavyo. Kila mlango ukifunguliwa bado anageuka haraka akidhani ni wewe.

Nisalimie shangazi na majirani wote wa huko ziwani. Mungu akutunze mpaka tuonane.

Ni mimi binti yako,
Belise, mama Mugabo