Alama katika Matofali ya Gare

Jumatatu, 6 Machi 1967
Nimefungua gare, kituo cha zamani cha treni, saa kumi na mbili na nusu. Nimefagia. Malori matatu: kamyo mbili za kwenda Luvungi, moja ya Bukavu. Nimeandika wasafiri na mizigo yao, kama wakati wa treni. Kampuni iling'oa reli kabla ya uhuru, kamyo zikachukua nafasi. Kazi ni ileile.

Saa nne amekuja Bwana Odilo, mjenzi. Ana karatasi yenye kashe, muhuri wa serikali. Atabomoa gare na kuchukua matofali yake kujengea maghala. Ameniita karani wa treni isiyokuwapo. Mafundi wake wamecheka. Kuta zitaanguka Jumamosi. Kamyo zitasimama wapi, hakuna aliyesema. Nina hasira.

Jumanne, 7 Machi
Wanabandua lipu. Bwana Odilo hataki hata tofali moja livunjike, hivyo ameamuru kuta zivuliwe kwanza. Fundi mkuu ni Rubeni, mtu wa Luvungi. Anatumia patasi, taratibu.

Juu kabisa, chokaa yangu ya mwaka jana, na kati ya kila tabaka chokaa yangu ya zamani. Chini yake, mkaa wa wanajeshi waliolala humu baada ya maasi: majina ya wanawake, hesabu ya siku. Kisha rangi nyekundu ya waasi, mshale na neno MBELE. Kisha UHURU, kwa herufi kubwa. Mwandiko wangu. Nilikuwa nimesahau. Chini ya yote, rangi ya njano ya Wabelgiji na maneno ya Kifaransa yaliyotuelekeza mlango wetu, wa nyuma.

Nimenakili kila kitu. Sijui kitafaa nini.

Jumatano, 8 Machi
Mvua hadi saa tano. Halafu matofali yametokea. Mengi yana alama ubavuni: kidole gumba, kisigino, punje za mahindi, gamba la konokono. Nilidhani ni mapambo.

Mama Sabina, anayeuza ndagala, dagaa wa ziwani, mlangoni, ameweka beseni chini akaja. Ametia vidole vyake katika alama ya vidole vitatu.

"Karani, hii iko mukono ya baba."

Amenieleza. Wazee wetu ndio waliofyatua matofali haya. Kila mmoja alikuwa na alama yake, ili kapita, msimamizi wao, ahesabu kazi ya kila mtu matofali yakikauka. Aliyepungukiwa alichapwa. Baba yake alikuwa na vidole vitatu tu mkono wa kulia. Hakuhitaji kubuni alama. Alifia milimani tulipokimbia vita. Kaburi lake halijulikani.

Mara tisa nimepaka chokaa juu ya mkono wa mzee yule. Naona haya.

Alhamisi, 9 Machi
Mtaa wetu wote, Nyamianda, umejua. Madereva wamefikisha habari hadi Katogota. Watu wanakuja na wazee wao, wanapapasa kuta.

Nimechukua daftari jipya la mizigo. Alama. Jina la mfyatuaji. Nani ameitambua. Ukuta gani, mstari wa ngapi. Siandiki kitu bila mashahidi wawili.

Familia mbili zimegombania kisigino. Mzee mmoja amesema baba wa mwenzake alikuwa na mguu kama kasia, usingeenea kwenye tofali. Wamevua viatu, wamepima. Hakuna kilichoenea. Wote wamecheka, mimi pia. Kisigino nimekiacha bila jina.

Ijumaa, 10 Machi
Bwana Odilo anasema tofali ni tofali. Ameleta nyundo kubwa. Nimepeleka daftari bironi, ofisini kwa mkuu wa eneo. Karani wa huko amesema mkuu ataliona akipata nafasi.

Sijala. Naogopa.

Jumamosi, 11 Machi
Niandike kwa utaratibu.

Saa kumi na mbili wauza ndagala walikuwa wameshaketi chini ya ukuta, beseni kwa beseni. Madereva walikataa kuondoka. Saa mbili Bwana Odilo alimwamuru Rubeni aanze. Rubeni aliinua nyundo. Akaishusha.

"Patron, hii konokono iko ya nkambo yangu, baba wa baba. Minye siipige."

Alikuwa ameiona tangu Jumatano. Hakumwambia mtu.

Bwana Odilo alimwambia amefukuzwa. Rubeni alisema sawa, akamkabidhi nyundo. Bwana Odilo alibaki nayo mkononi. Mama Sabina alikuwa akichambua ndagala. Hakuinua macho.

"Odilo, weye mutoto wa hapa. Anzia kwa baba yangu. Iko hapa, juu ya kichwa yangu."

Bwana Odilo aliitupa nyundo ndani ya kamyo yake, akaenda kuketi kwenye usukani, mlango wazi.

Saa tano mkuu alifika na daftari langu kwapani. Alizunguka kuta zote, akalinganisha mistari na kurasa. Hakukuta kosa hata moja. Akaandika kwenye ukurasa wa mwisho: gare inabaki, kituo cha kamyo na soko la samaki. Akapiga kashe palepale, juu ya beseni la Mama Sabina lililogeuzwa.

Vigelegele vilifika ziwani. Rubeni alibebwa mabegani. Nilipuliza filimbi ya kuondokea treni, na kamyo zote tatu zikajibu kwa honi.

Tumeshinda. Naandika tena: tumeshinda.

Jumatatu, 13 Machi
Kamyo mbili. Manyunyu.

Mzee mmoja ameshuka kutoka Katogota, hana mzigo. Hakuuliza kitu. Alienda polepole kando ya ukuta wa magharibi, mkono juu ya matofali, hadi kwenye alama moja, akasimama. Akaketi hapo, akafungua ugali wake, akala. Alipomaliza alinawa, akapanda kamyo ya saa nane kurudi.

Nimemwandika: msafiri mmoja, kuja na kurudi.

Kuta ziko wazi. Chokaa iliyobaki nimempa Mama Sabina, apake nyumba yake.