Mama Mkwe Hataki Kushona Skafu ya Bwawa

Mpendwa Dada Perrine, nisaidie kabla sijaharibu zaidi, maana tangu Jumapili nikikaa nasimama, nikisimama nakaa. Mimi ni mchoraji katika karakana ya hariri hapa Lyon, na mwaka huu tunatoa skafu zenye michoro ya stempu za zamani za kumbukumbu, nami nikachagua ile ya kufunguliwa kwa bwawa kule milimani kwa ajili ya buluu ya maji yake, buluu tu, sikuuliza lingine, na skafu ya kwanza, hata pindo bado, nikampa mama mkwe mezani mbele ya ukoo mzima, kwa kuwa Mama Odette ndiye anayetushonea pindo kwa mkono miaka yote. Akaitazama, akasema, "Asante, mwanangu. Ila hii atashona mwingine." Nikacheka! Nikamwambia, "Mama, umeanza uvivu?" Akaikunja skafu, akaanza kukusanya sahani.

Jikoni mume wangu Bastien akanibana: "Kijiji cha kina Mama kiko chini ya maji hayo. Walitolewa na askari, yeye akiwa mtoto."

"Miaka sita ya ndoa hukuniambia?"

"Hukuuliza."

Basi nikapata wazo la kuchora mnara wa kanisa lao ndani ya maji, iwe heshima kwake, nikamwambia bosi, naye akaruka: "Huzuni inauzika hiyo!" Jumatatu wanaanza kuchapa, Mama hajui, na mimi usingizi sina. Nimwambie, au nimshtukize kwa furaha?

Clotilde

Clotilde, pole. Kutojua si dhambi. Lakini kuuliza si ujinga, na wewe na mumeo mmeshindwa kuuliza na kusema mkila sahani moja. Na huo mnara, mh! Umemtonesha mwenzio kidonda, sasa unataka kukipeleka dukani. Kama ni heshima yake, mbona bosi amejua kabla yake?

Kesho asubuhi mwambie bosi asimamishe kazi. Akinuna, anune. Kisha nenda kwa Mama Odette peke yako, bila Bastien, bila penseli. Anza kumwomba radhi kwa ule mzaha wa uvivu, maana ulimuumbua mbele za watu. Halafu muulize kijiji kiliitwaje, nawe unyamaze. Akisema mchoro usitoke, hautoki, hata kama karakana nzima imeupenda. Akitaka mnara, yeye ndiye atakayesema ukae wapi.

Na usianze kulia wewe. Zamu ya kulia ni yake.