Peleka Unga Kaburini kwa Bibi

Mama yangu,

Mwalimu wa chuo cha Kurani atakayekusomea barua hii namwomba asiruke neno, hata akiona nimemkosea mtu adabu, na Kiswahili kikikushinda akueleze kwa Kimwera. Mguu wako umepoa? Mihogo ya Lionja imesalimika na nguruwe mwaka huu? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Mjomba Bakari si mzima, na ndilo lililonishikisha kalamu.

Kazi ya karanga ilipokufa pale Nachingwea, unakumbuka mimi na mjomba tulifuata kazi huku milima ya Tanga. Huku wanapanda miti ya kwinini, ile dawa ya homa. Sisi tunasaga magome yake, tunachanganya na chokaa, kisha tunaloweka ili dawa iachane na magome. Mabanda ni mawili. La juu wanaloweka kwa spiriti, yaani pombe kali kupita zote. La chini wanaloweka kwa benzini. Dawa inayotoka ni ileile, chungu vilevile.

Tulipofika, bwana aliuliza nani hanywi pombe, maana aliogopa spiriti yake itaibwa. Kusikia sisi ni Waislamu wa kusini, akafurahi, akampa mjomba ufunguo wa banda la juu. Mjomba akaurudisha. "Bwana, mimi pombe siishiki. Nimemwapia dada yangu." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Bwana akasema haya, nenda chini. Hakumwonya kwamba benzini ina sumu. Na alijua, mama! Yeye mwenyewe akija banda la chini husimama mlangoni na kitambaa puani, anatoa amri hukohuko nje.

Ufunguo akapewa Benedikto, yule wa Mnero tuliyekuja naye. Benedikto na pombe ni chanda na pete, bwana hakujua tu, lakini leo ndiye mwenye afya, ananenepa tu. Mjomba amekwisha. Fizi zinavuja damu, ukimshika mkono panabaki alama nyeusi, akipanda kilima kidogo lazima akae chini apumue. Benedikto humletea uji, na akitoka nje hulia. Dresa wa zahanati alimtazama mjomba akasema ni benzini, inakula damu, ahame banda haraka. Bwana hana ubishi, ufunguo wa juu upo, auchukue hata kesho. Mjomba hataki. Kurudi nyumbani hawezi, mkataba haujaisha na anayetoroka anafungwa.

Nilimletea shehe wa hapa. Akamwambia, "Bwana Bakari, kushika si kunywa. Utanawa, utasali."

"Shehe," mjomba akamjibu, "mimi sikuapa kwako."

Mama, nitasema, uniwie radhi. Nina uchungu na bwana, na wewe pia nina uchungu nawe. Siku ile mjomba aliporudishwa kutoka harusini Ruangwa amebebwa kitandani, pombe ya uraka inamnuka mpaka kwenye nywele, ulikuwa na haki ya kuwaka. Mimi mwenyewe niliona aibu. Lakini ukampeleka kaburini kwa bibi, ukamwaga unga, ukamwapisha mtu mzima mbele ya mama yake kwamba pombe hataigusa hata kwa kidole. Ulikuwa unaukomesha uraka wa mabibo, nakuelewa. Hukujua iko pombe ya kumwokoa mtu. Na yeye, mama, yule mjomba ambaye hakuwahi kumaliza hata palizi ya shamba moja, kiapo chako amekishika! Kati ya mambo yote ya dunia akashike hilo!

Fanya hivi. Barua ikiisha kusomwa, usingoje Ijumaa wala usingoje ndugu wakusanyike. Chukua unga, nenda kaburini, mwambie bibi umemfungua mdogo wako kiapo. Kisha mwalimu aandike kwamba umefanya, nawe utie dole gumba lako kwenye karatasi. Bila hilo mjomba atasema nimetunga, ananijua. Barua ije upesi. Magome yanaletwa kila asubuhi na yeye kila asubuhi anashuka.

Shangazi wa Ruponda umsalimie, na wadogo zangu wote. Mke wa mjomba mwambie mumewe ana homa tu. Nikija nitamweleza mwenyewe, na Mungu anipe mdomo wa kumweleza vizuri.

Mjomba ameketi hapa mbele yangu juani, blanketi mabegani na jua lote hili. Ameniuliza naandika nini, nimemdanganya naandika salamu. Amecheka kidogo, akafuta mdomo kwa kitambaa, akakikunja nisikione. Kisha akasema:

"Mwambie dada asiwe na wasiwasi. Sijaigusa. Hata kwa kidole."

Mwanao,
Rashidi