Jina Lililobaki Ndani ya Gari la Nonie

Nje kidogo ya Tuam,
Galway, Ireland.
Tarehe 9 Septemba.

Mpendwa mjukuu wangu Owney,

Huna haya. Miaka tisa uko huko Australia, na mimi nimebaki hapa kama gogo la mlangoni, kila apitaye ananiruka. Hata kwenye mazishi ya kaka yako hukuja. Ulituma maua. Maua hayanywi chai, Owney, wala hayanishiki mkono.

Lakini hujambo? Kifua chako je? Unakula? Nimeona picha yako kwenye simu, shingo imekuwa kama ya bata mzinga aliyenyonyolewa. Kula viazi. Mimi sijambo, ila goti la kushoto linatabiri mvua, na huku kwetu mvua haihitaji mtabiri.

Anayeandika ni Nonie, mjane wa kaka yako. Mimi nasema, yeye anaandika, kwa maana shule niliiona kwa nje tu, tukipita na gari la farasi. Leo nimemwambia asiruke neno hata moja, hata yale yanayomhusu. Ameguna. Nimemwambia andika na hilo, kwamba umeguna.

Unakumbuka walivyokuwa wakitaniana juu ya bima? Kaka yako alikuwa na gari lake la mizigo, Nonie na kale kagari kake ka bluu, na kila mmoja alitaka aandikishwe kuendesha la mwenzake. Kumwandikisha Nonie kwenye lile la mizigo, bei ilipaa mpaka kaka yako akasema kwa fedha hizo angemnunulia farasi wawili na mtu wa kuwalisha. Lakini kumwandikisha yeye kwenye la Nonie, bei ikashuka! Watu wa bima waliona gari la binti aliyepata leseni juzi lina heri zaidi likiwa na mume ndani yake. Nonie akawa anamwambia, "We bwana, thamani yako iko chini ya bure." Naye anamjibu, "Ndiyo maana hutaweza kunitoa humo."

Tulicheka sana. Maneno mengine hukaa yakangoja siku yake.

Alipoanguka shambani mwezi wa pili, hatamu ya farasi ikiwa bado mkononi, tulimfanyia kama sisi Wasafiri, watu wa kuhamahama, tulivyofanyiana tangu enzi za mahema. Nguo zake tulizichoma. Gari lake la mizigo tuliliuza kwa watu wa mbali wasiotujua. Jina lake tukaacha kulitaja, na humu pia hutalikuta. Nikalala nikijua hatukumwachia kitu cha kumrudisha. Kumbe jina lake lilibaki ndani ya gari la mkewe.

Mwezi wa sita bima ya gari hilo ikaisha. Kampuni wakapiga simu, binti mmoja mwenye sauti tamu kama jamu. "Na mume wako, bado anaendesha?" Sasa Nonie ajibu nini? Jina hawezi kulitaja. Kusema amekufa, ulimi umegoma. Na bila yeye bei ingekuwa karibu maradufu, wakati Nonie anafanya usafi kwenye nyumba ya wazee na bila gari hafiki kazini. Akasema, "Ndiyo. Bado anaendesha."

Mjukuu wangu, maiti hapewi ruhusa. Akipewa, huitumia.

Ilianza na kiti. Unamjua Nonie, akikaa kwenye usukani lazima akisogeze kiti mbele mpaka magoti yaguse. Asubuhi anakikuta kimerudishwa nyuma kabisa. Kioo cha ndani kimeinuliwa. Redio inasoma matokeo ya mbio za mbwa. Akanijia na mikono kiunoni.

"Bibi, umekaa kwenye gari langu?"

"Nikae humo nifanye nini, nitage?"

Tukacheka tena. Kisha harufu ya peremende ikaanza kutoka humo, zile kali alizokuwa akizinyonya kaka yako. Hapo sikucheka. Nikachukua maji ya baraka niliyoyatoa Knock, kwenye hija ya Mama Maria, nikanyunyizia magurudumu yote manne. Maji yalikauka kabla ya kufika chini, na siku ile ilikuwa na ukungu.

Jumapili moja, tukijiandaa kwenda misa, nikatoka kumwita. Nikamkuta ndani ya gari, upande wa abiria, mkanda ameufunga, mikono mapajani kama mtoto wa komunyo.

"Unafanya nini upande huo?"

"Namngoja, Bibi. Leo ataendesha yeye."

Alisema hivyo kama mtu anayekwambia maji yamechemka. Na injini ilikuwa inanguruma, Owney. Ufunguo ulikuwa jikoni kwenye ndoano, nilikuwa nimeupita muda ule ule. Nilimfungua mkanda, nikamvuta kwa kola kama mbuzi aliyeingia kwenye kabichi. Alilia akisema nimemwonea, kwamba alikuwa karibu kumwona uso. Mlango ukajifunga wenyewe nyuma yetu, taratibu, kwa adabu, kama kaka yako alivyokuwa akifunga milango.

Hapa Nonie ameweka kalamu chini. Nimemmiminia chai. Haya, ameishika tena. Mtoto mwema huyu, na mimi sitampoteza hata kama ni kwa mume wake mwenyewe.

Kesho yake nilimsimamia apige simu. Nilitaka kusema mimi, wakakataa, wakadai mwenye gari ndiye aseme. Basi akalitaja jina, lote, kwa sauti, mara ya kwanza tangu kaburini, kisha akasema, "Amekufa." Nilihisi baridi ikipita jikoni na kutoka. Yule binti akasema pole sana kwa msiba. Bei ikapanda, kama tulivyojua. Aliye hai akiwa peke yake ni ghali, hata kwa bima.

Kisha yule binti akauliza, "Na dereva wa tatu, abaki?"

"Wa tatu yupi?"

Akasoma jina lako. Jina lako kamili, Owney, pamoja na lile la ubatizo ambalo hata mama yako alikuwa amelisahau. Akasema wiki iliyotangulia alipiga simu mwanamume mcheshi, akaomba uongezwe. Alisema ndugu yake anarudi nyumbani, naye ndiye atakayekwenda kumchukua uwanja wa ndege wa Shannon.

Sisi hatujui kama unarudi. Hujatuambia kitu. Je, unarudi?

Siku ulipoondoka alikushika bega hapo getini akakuapia, "Ukija usipande basi. Nitakuchukua mwenyewe." Mtu wa ahadi alikuwa, sote tunajua. Na sasa Nonie haendi tena karibu na gari, anapanda baiskeli na kulowa. Kiti cha dereva hakisogei tena. Kinachosogea ni cha abiria, kinarudi nyuma hadi mwisho. Nonie ni mfupi, mimi kisiki. Ukoo wetu ulikuwa na wawili tu wenye miguu ya korongo. Betri nimeitoa, iko chini ya sinki, lakini asubuhi ya jana taa ya kukatia kona ilikuwa inakonyeza, na pua ya gari imegeukia barabara ya kusini. Majani chini yake hayakuwa na alama ya gurudumu.

Nimeshakusanya nyasi kavu na kuni za kulichomea gari hilo. Halmashauri watanitoza faini, watoze. Ila mchomaji awe ndugu yake wa tumbo moja, na umebaki wewe. Kwa hiyo sikwambii usije. Miaka tisa nimekuita. Sitaanza leo kukufukuza kwa sababu ya gari.

Jirani zetu Bartley na Delia wanakusalimu, Delia anasema anakudai vitambaa vyake. Msalimie mkeo Rhonda, mwambie namwombea ingawa hajui kupika kabichi. Mungu akuvushe bahari zote hizo, na Mama Maria akushike koti kwa nyuma.

Sasa nisikilize. Ukitua Shannon, panda basi, ushuke Tuam mjini. Kutoka hapo njoo kwa miguu. Likisimama kando yako gari dogo la bluu, mlango wa abiria ukafunguka, usiingie, hata mvua ikinyesha vipi, hata ukisikia peremende. Lakini usikimbie pia, ni kaka yako. Gonga paa mara mbili kama mlivyokuwa mkiagana. Mwite kwa jina lake, mara moja tu, umwambie, "Nimeshafika. Huna deni." Kisha funga mlango taratibu, uje nyumbani. Kiberiti nitakuwa nacho mfukoni.

Bibi yako akupendaye, na atakayekuchapa akikuona,

Winnie