Maksai Aliyeitwa Twende

Mjukuu wangu Elia, mume mwenzangu,

Huku Kamsamba mpunga umeiva, na mke wetu anakuulizia wewe kuliko mimi niliye naye. Unauliza kama umwambie bosi wako kwamba farasi wake wa mashindano anaumwa mguu, hata kama atakufukuza kazi.

Enzi za Ujamaa, kwenye mashindano ya kulima siku ya Sabasaba, maksai wetu Twende alianza kuchechemea. Tukampigia kelele, "Twende! Twende!" Naye, akidhani anaitwa, akazidi kuvuta plau. Bibi yako, wakati huo binti wa jirani, akaingia shambani akamfungua nira.

"Mnamwita kwa jina, atakataaje?"

Tukashindwa, nikanuna. Twende akapona, nami nikaenda kuposa.

Mwambie bosi. Akikufukuza, rudi, maksai wapo, ila hawakimbii.

Babu yako